"Learnt" na "Learned": Mmarekani Anasingiziwa

Tangu programu za kusahihisha maandishi zihamie kwenye simu za mkononi, na hasa tangu zile za akili mnemba zianze kuwaandikia watu barua za kuombea kazi na kuwaandikia wanafunzi insha, limezuka hapa Uganda lalamiko ambalo sasa husikika katika vyumba vya walimu na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi. Programu hizi, zikiwa zimewekwa kwenye Kiingereza cha Marekani, huelekea kumsukuma mwandishi aandike "learned" badala ya "learnt", "dreamed" badala ya "dreamt" na "spelled" badala ya "spelt", huku zikiiacha "gotten" ipite bila kuguswa. Wanaolalamika hawakawii kutoa hukumu: Kiingereza tulichorithi kwa Waingereza, kile kilicholetwa na wamisionari na kulelewa katika shule zetu za bweni, kinaharibiwa na Wamarekani, na chombo cha uharibifu huo ni kompyuta.

Kwa maoni yangu, mshtakiwa katika kesi hii siye. Kuyumba kwa vitenzi vya Kiingereza katika wakati uliopita hakukuletwa na Marekani wala na kompyuta. Ni tabia ya lugha yenyewe, na imekuwapo tangu kabla Marekani haijawa nchi. Kosa hilo la kumtambua mhusika lina gharama kwetu, kwa sababu linawafanya walimu watumie ukali wao wote pale ambapo Waingereza wenyewe hawana neno moja, na kuwabakizia wanafunzi nguvu kidogo pale ambapo kosa ni kosa kweli.

Asili ya jambo hili iko katika Kiingereza cha Kale, ambacho kilikuwa na njia mbili za kuonyesha wakati uliopita. Njia ya kwanza ilikuwa kubadili irabu iliyo ndani ya kitenzi, kama tunavyoona hadi leo katika "sing, sang, sung" au "drive, drove, driven". Njia ya pili ilikuwa kuongeza sauti ya "d" au "t" mwishoni. Baada ya muda njia ya pili iliishinda ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuitumia kwa neno lolote jipya, na maneno mapya yalikuja kwa wingi, hasa kutoka Kifaransa baada ya Uingereza kutekwa mwaka 1066. Mnamo mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya mwendo huo. Walichukua vitenzi 177 ambavyo havikufuata kanuni katika Kiingereza cha Kale, vile ambavyo hapa nitaviita vitenzi vikaidi, wakakuta kwamba 145 vilikuwa bado vikaidi katika Kiingereza cha Kati, na kwamba leo vimebaki 98. Vingine vyote vimesalimu amri na kupokea "-ed" kama wenzao.

Msomaji anayesali katika Kanisa la Uganda huenda ameshakutana na mmoja wa marehemu hao. Katika wimbo wa Maria, kama ulivyo katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 na katika kitabu cha sala cha Kianglikana cha mwaka 1662, Mungu "hath holpen" mtumishi wake Israeli. "Holpen" ndilo umbo la zamani la kitenzi "help", na siku hizo hakuna aliyeliona geni. Mwanafunzi akiliandika leo atakatwa alama, na atakatwa kwa haki. "Climb" nacho kilikuwa na "clomb", na "work" kilikuwa na "wrought", neno ambalo sasa linaishi maisha ya kustaafu kwa mafundi wa vyuma, katika jina la chuma cha kufua. Hakuna Mmarekani aliyeyaua maneno hayo. Yaliuawa na wenyewe, taratibu, na wala hawakufanya matanga.

Kwa nini baadhi ya vitenzi vikaidi vilikufa na vingine vikaishi? Jibu la utafiti ule ni zuri kwa sababu linaweza kupimwa: kinacholinda kitenzi ni kutumiwa mara kwa mara. Kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu kuliko kingine huelekea kuingia katika kanuni kwa kasi iliyo mara 10 zaidi. Ndiyo maana vitenzi 10 vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, ambavyo ni "be", "have", "do", "say", "make", "go", "take", "come", "see" na "get", vyote ni vikaidi, hata kimoja hakifuati kanuni. Mtoto wa Kiingereza husikia "went" na "said" tangu akiwa mbelekoni, hivyo maumbo hayo humkaa kichwani kabla hajajua kwamba kuna kanuni. Kitenzi kinachosikika kwa nadra hakina ulinzi huo. Msemaji akikihitaji ghafla, na kumbukumbu ikamtupa mkono, hukimbilia kanuni. Mwanaisimu Jean Berko alionyesha mwaka 1958 kwamba watoto wadogo wakipewa vitenzi vya kubuni, ambavyo hawajawahi kuvisikia popote, wengi huvipachika mwisho wa "-ed" bila kufundishwa na mtu. Mtoto asemaye "goed" basi amegundua kanuni, na kinachomsubiri ni kuambiwa kwamba kanuni hiyo ina wakaidi wake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Kitenzi chetu cha wakati uliopita kimenyooka kwa kiambishi "-li-", lakini tazama tunavyoamuru. Tunasema "soma", "andika", "kaa", kisha ghafla tunasema "njoo", "nenda" na "lete". Ukaidi umekaa palepale ambapo hesabu ya Kiingereza ingetabiri, yaani katika vitenzi vinavyotoka kinywani kila saa. Na anayejifunza Kiswahili ukubwani hufanya kile anachofanya mtoto wa Kiingereza: pita katika masoko ya Kampala utasikia "kuja hapa" mara nyingi kuliko "njoo hapa". Wasemaji wa Luganda nao wana mzigo wao, kwa sababu "genda" humpa msemaji "ngenze", "laba" humpa "ndabye", "gula" humpa "nguze" na "lya" humpa "ndidde". Mabadiliko hayo yana taratibu zake za sauti, lakini mgeni anayejifunza huyaona kama msitu, ilhali mtoto wa Buganda hukua nayo bila kutundikiwa chati ukutani.

Kuna jambo la pili katika historia hii ambalo wanaolalamika hulisahau, nalo ni kwamba mto haukutiririka upande mmoja tu. Vipo vitenzi vilivyokuwa vitiifu vikageuka vikaidi. Katika Biblia hiyohiyo ya 1611 Isaka "digged" visima. Leo kila mtu husema "dug". "Wear" kilikuwa kitenzi cha kanuni katika Kiingereza cha Kale, kisha kikaiga jirani zake kama "bear" na "swear" kikapata "wore". "Catch" kilitoka Ufaransa, hivyo kilistahili kufuata "-ed" kama wageni wenzake, lakini kikaishia na "caught". Mwendo huo haujakoma. Katika karne ya 19 Wamarekani walianza kusema "dove" badala ya "dived" na "snuck" badala ya "sneaked", na "snuck" imekuwa ikipanda hadi leo, hata nje ya Marekani. Lugha inayosemwa na mamia ya mamilioni ya watu haina mkondo mmoja, na anayedai kwamba inakwenda kwenye urahisi tu, au kwenye uharibifu tu, amechagua mifano yake.

Hapo ndipo hoja kuu ya wanaolalamika inapoanguka, na nitaisema wazi kwamba ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanadai kwamba "learnt" ni Kiingereza asilia na "learned" ni ubatizo mpya wa Marekani. Kitenzi hiki katika Kiingereza cha Kale kilikuwa "leornian", na wakati wake uliopita ulikuwa "leornode", wenye "d" na wenye irabu kabla yake. Kwa hiyo umbo lililo karibu zaidi na babu ni "learned", na "learnt" ni mkato uliozaliwa baadaye. "Leap" kina kisa cha kuchekesha zaidi: kilikuwa kikaidi cha kubadili irabu, hivyo "leapt" na "leaped" zote mbili ni wageni waliohamia katika nyumba ya marehemu, na sasa wanabishana nani mwenye hati. Ama "gotten", ambayo wengi hapa huikunjia uso kama uchafu wa filamu za Hollywood, imo katika Mwanzo 4:1 ya Biblia ya Mfalme James, katika kinywa cha Hawa anapomzaa Kaini: "I have gotten a man from the LORD." Waingereza ndio walioiacha, Wamarekani wakaitunza, na Waingereza bado wanaihifadhi ndani ya "forgotten" bila kujua kwamba wanahifadhi kitu.

Tena si kweli kwamba Wamarekani ndio wanaonyoosha vitenzi na Waingereza ndio wanaolinda ukaidi. Mwingereza husema "fitted", Mmarekani husema "fit". Mwingereza wa zamani aliandika "quitted", Mmarekani "quit", na leo Mwingereza naye ameifuata "quit". Ukiongeza "dove", "snuck" na "gotten", utaona kwamba katika orodha hii Mmarekani ndiye mkaidi. Kilicho kweli ni kwamba katika kundi moja dogo, lile la "burnt", "learnt", "spelt", "spilt" na wenzao, Marekani iliingia katika kanuni mapema, na Uingereza inafuata nyuma. Uchambuzi wa vitabu zaidi ya milioni 5 vilivyohifadhiwa kidijitali, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011, ulionyesha mwendo huo kwa Waingereza wenyewe. Watafiti walikadiria kwamba kila mwaka idadi ya watu inayolingana na mji wa Cambridge, Uingereza, huacha "burnt" na kuchukua "burned". Kwa hiyo mwalimu wa Masaka au Gulu anayeipigania "burnt" kama bendera ya Uingereza anaweza kujikuta analinda ngome ambayo wenyewe wanahama.

Wapo wanaouliza: basi nani anaamua? Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo cha serikali cha kukisanifu, mfano wa BAKITA ya Tanzania au akademia ya Wafaransa iliyoanzishwa mwaka 1635. Waliojaribu kuamua walikuwa watu binafsi. Maarufu miongoni mwao ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, ambaye katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762 alikemea maumbo kama "I had wrote" na "he begun". Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuyaokota makosa hayo vichochoroni. Aliyatoa katika maandishi ya waandishi wakubwa wa lugha hiyo. Maana yake ni kwamba "had wrote" ilikuwa Kiingereza cha watu wenye heshima zao hadi hapo walimu na wachapaji walipokubaliana kuikataa. Kanuni ya leo ni makubaliano, na makubaliano yana nguvu halali, lakini nguvu yake hutoka kwa watumiaji. Haitoki katika asili ya neno, na kwa hakika haitoki katika mstari mwekundu chini ya neno. Programu ya simu haijui Kiingereza sahihi. Inajua mpangilio uliochaguliwa, na mwenye simu anaweza kuubadilisha ukawa wa Uingereza kwa kugusa kioo mara chache.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Mtoto wa Uganda anakutana na Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, tena kwa wengi kama lugha ya darasani tu. Katika shule nyingi za serikali huanza masomo kwa lugha ya eneo lake hadi darasa la tatu, kisha katika darasa la nne anavushwa kwenda Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo, husema wenye hoja hii, anahitaji umbo moja lililosimama, naye hana haja ya mhadhara kuhusu lahaja. Ukimwambia kwamba "learnt" na "learned" zote ni sawa, atadhani kwamba na "teached" ni sawa. Zaidi ya hayo, mtihani unahitaji jibu moja, na jibu moja humlinda mtoto wa kijijini dhidi ya upendeleo wa msahihishaji. Naongeza kwa niaba yao hoja moja ambayo wao huisahau: "learnt" ina faida ya kujitenga na "learned" ya mahakamani, ile yenye silabi mbili ambayo mawakili wetu huitumia kuitana wasomi hata wanapotukanana.

Hoja hiyo nzima naikubali kuhusu kufundisha. Mwalimu na achague umbo moja, na kwa kuwa vitabu vyetu vingi vinafuata Uingereza, na liwe la Uingereza. Ninapotengana nayo ni kwenye kusahihisha. Nimeona katika daftari la mtoto wa dada yangu, aliye darasa la sita, sentensi kuhusu maziwa yaliyomwagika. Neno "spilled" limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa "spilt", na alama imeondolewa. Mistari miwili chini yake, "has went" imepita bila alama yoyote. Simlaumu mwalimu, mwenye madaftari yaliyorundikana hadi kidevuni, lakini mfano huo unaonyesha vizuri ninachokisema. "Spilled" imo katika kamusi zote kubwa, zikiwamo za Oxford. "Has went" haimo katika Kiingereza sanifu cha upande wowote wa Atlantiki. Jicho lililozoezwa kumwinda Mmarekani limekamata neno lisilo na hatia na kuliachilia lenye hatia.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kufundishwa, kwanza kwa walimu. Yako maumbo mawili yanayokubaliwa, kama "dreamt" na "dreamed", na hapo kinachodaiwa kwa mwandishi ni msimamo: akianza na moja asirukie jingine katika aya inayofuata. Yako maumbo mawili yanayogawana maana, na hapo ukali unastahili: nguo ni "hung" lakini mtu aliyenyongwa kwa hukumu ni "hanged", kiatu "cost" shilingi kadhaa lakini mpango wa bajeti uliokadiriwa gharama zake umekuwa "costed", na "lay" ni wakati uliopita wa "lie" huku ikiwa pia kitenzi kamili chenye "laid" yake, mtego ambao huwanasa hata wahariri wa magazeti. Kisha yako maumbo ambayo watu wengi hufikia kwa mantiki nzuri lakini Kiingereza sanifu bado hakijayapokea, kama "casted" tunayoisikia redioni kila msimu wa uchaguzi. Siungi mkono wanaosema kwamba kwa kuwa lugha hubadilika basi kila umbo lipite. Mwombaji kazi anayeandika "I teached" hatapata nafasi ya kumweleza mwajiri historia ya Kiingereza cha Kale.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya kile kinachokuja. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu wengi watakaokifundisha ni wale waliolelewa na wino mwekundu wa Kiingereza. Kiswahili nacho kina maumbo pacha yanayokubalika. "Nilienda" na "nilikwenda" zote zimo katika maandishi sanifu. "Iliisha" na "ilikwisha" vilevile. Mwalimu aliyezoea kwamba pacha mmoja lazima awe haramu atamkata mtoto alama kwa "nilikwenda" kwa sababu hakuiona kitabuni, au kwa "nilienda" kwa sababu amesikia kwamba Unguja hawasemi hivyo, na darasa litajifunza kuiogopa lugha ambayo tayari lina shida ya kuipenda. Hatuna budi kuamua mapema, katika miongozo ya kusahihisha na katika vyuo vya ualimu, ni wapi pana njia mbili na ni wapi pana moja, na kuliandika jambo hilo kwa maneno yanayoeleweka.

Kwa upande wa Kiingereza, mabadiliko ninayoyatamani ni madogo na hayahitaji fedha. Sehemu ya kwanza ya karatasi ya Kiingereza katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi huwa na maswali yanayomtaka mtahiniwa aandike umbo sahihi la neno lililo kwenye mabano. Mtungaji wa maswali ya namna hiyo, awe wa mtihani wa taifa au wa majaribio ya wilayani, anaweza tu kuvikwepa vitenzi vyenye majibu mawili, maana havipimi chochote zaidi ya kitabu gani mtoto alikisoma, na badala yake akauliza "bring", "teach", "buy", "begin" na "choose", ambavyo jibu lake halina ubishi na ambavyo ndivyo vinavyowaangusha watoto wetu. Na ile chati ya manila yenye safu tatu, inayotundikwa karibu katika kila darasa na kuimbwa kwa sauti kuanzia "arise, arose, arisen" kwa sababu tu ya kufuata alfabeti, ingefaa ipangwe upya kwa kufuata matumizi: "be", "have", "do", "say" na "go" vikae juu, vikifuatwa na vile ambavyo mtoto atavihitaji kusimulia siku yake. "Slay" na "strive" vinaweza kusubiri sekondari.